Muziki wa Matatu: Faida Inayovujia Kwenye Waya

Jioni katikati ya Nairobi, vijana wengi wa Rongai na Umoja huiacha matatu iliyo kimya wakaisubiri nganya, yaani matatu iliyopambwa, yenye muziki. Wenye magari wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana spika huhesabiwa katika mtaji pamoja na injini na bodi.

Kazi ya kupamba matatu iliyumba Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoleta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitaka wachoraji wa matatu waachwe wafanye kazi yao, na karakana zikapata uhai mpya. Leo pesa ya muziki hupita mikono mingi: wauzaji wa vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue, maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, seremala wa maboksi, na mwisho fundi wa kuunga waya. Ubora wa kazi yote uko mikononi mwa huyu wa mwisho.

Kosa lake lenye gharama kubwa huanzia kwenye betri. Isuzu NQR, gari linalobeba bodi nyingi za matatu, lina umeme wa volti 24 kutoka betri mbili za volti 12. Amplifaya ya gari imetengenezewa volti 12. Fundi mwenye haraka huchukua umeme kwenye betri moja tu. Muziki unalia siku hiyo hiyo, mwenye gari analipa na kuondoka. Baadaye betri iliyobebeshwa muziki haijai, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema.

Dawa yake ni kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 12, ila lazima kilingane na mzigo. Cha ampea 20 hutoa wati 240 tu. Amplifaya ya wati 1,000 ikifunguliwa hadi mwisho inaweza kuvuta ampea 100.

Kisha kuna hesabu ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme kwenye spika. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya huona omu 2. Zikiungwa mfululizo, huona 8. Omu zikishuka, umeme unaopita huongezeka na sauti hupanda, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Sabufa nne sambamba huteremsha mzigo hadi omu 1, na amplifaya isiyomudu kiwango hicho huchemka, ikajizima au ikaungua. Fundi aliyebobea huunga mbili mbili kwa mfululizo, halafu jozi hizo akaziunga sambamba, na mzigo unarudi kuwa omu 4. Spika ni zile zile, na hakuna senti iliyoongezwa.

Waya nao una hila zake. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao hupitisha umeme kwa takribani thuluthi mbili tu ya uwezo wa shaba tupu yenye unene ule ule. Ukikwaruzwa kwa kisu, rangi ya fedha huonekana chini ya ngozi nyekundu. Ukibebeshwa ampea nyingi hupata moto, na ndani ya gari lililojaa abiria hilo ni jambo la uhai na kifo. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, sentimita 45 au pungufu, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata.

Mwenye matatu anayekwenda kununua sabufa wiki hii amwombe fundi aandike mambo manne kwenye risiti: aina na unene wa waya, ampea za fyuzi, uwezo wa kibadilishi, na omu ambazo amplifaya itabebeshwa. Fundi asiyeweza kuyaandika hayo asikabidhiwe gari.