Nambari ya tarakimu 129, na PIN yako ya nne

Zidisha 53 kwa 61, unapata 3,233. Rahisi. Sasa mpe rafiki hiyo 3,233 atafute zile mbili zilizoizaa. Atakuna kichwa kidogo!

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitoa nambari ya tarakimu 129, iliyozaliwa na nambari tasa mbili, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zilipatikana 1994, baada ya kuunganisha kompyuta kama 1,600. Siku hizi funguo za aina hiyo kwenye intaneti huwa na tarakimu 617 hivi.

PIN yako? Chaguo 10,000 pekee, ndio maana hufungwa ukikosea mara kadhaa. Tapeli akikupigia ati ni huduma kwa wateja, zile 617 hazimhusu. Anataka hizi nne. Mkatie simu.