Siku Moja Katika Safari ya Maili 1,900 kwa Baisikeli

Wasikilizaji, baisikeli ni chombo tukijuacho sote. Mtu huipanda kwenda sokoni, au kazini, au kumjulia hali ndugu yake aliye mgonjwa. Lakini je, watu zaidi ya ishirini wakifuatana kwa baisikeli mwendo wa maili 1,900, kila mmoja na mzigo wake, siku yao hupitaje? Jambo hili lilitendeka Marekani katika mwaka wa 1897, nalo linafaa kuelezwa.

Wasafiri hao walikuwa askari ishirini wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu, watu weusi wote, ambao wengi wao wazazi wao walikuwa watumwa kabla utumwa haujakomeshwa nchini humo mwaka wa 1865. Mkubwa wao alikuwa Luteni James A. Moss, Mzungu; tena walikuwapo daktari mmoja na mwandishi mmoja wa gazeti. Waliondoka Fort Missoula, katika jimbo la Montana, tarehe 14 Juni, kwenda mji wa St. Louis. Wakubwa wa jeshi walitaka kujua kama baisikeli yaweza kushika mahali pa farasi, kwa kuwa baisikeli haili majani, hainywi maji, wala hailii usiku adui akasikia.

Siku yao ilianza mapema, na mara nyingine, jua lilipokuwa kali, waliondoka usiku kwa mbalamwezi. Kazi ya kwanza ilikuwa kufunga mizigo. Blanketi na nusu ya hema vilikunjwa vikafungwa mbele, juu ya usukani. Chakula kilitiwa katika sanduku lililokaa katikati ya fremu. Baisikeli pamoja na mzigo wake ilipata uzito wa ratli 59 hivi. Zaidi ya hayo kila askari alichukua bunduki yake mgongoni, na risasi 50 kiunoni.

Hapa yafaa tufahamu hesabu iliyoitawala siku nzima. Kila mtu alichukua chakula cha siku mbili tu: mkate, maharagwe, nyama, kahawa na sukari. Chakula kingine kilikuwa kimewekwa mbele yao, kila baada ya maili 100 hivi. Basi asiyepata maili 50 kwa siku alikuwa anaikaribia njaa. Kwa hiyo mvua haikuwa taabu ya kulowana tu. Ilikuwa hatari ya kukosa chakula.

Na mvua ilinyesha. Udongo wa nchi ile ni mfinyanzi unaonata. Ulishika magurudumu, ukajaa kati ya mpira na fremu, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Askari walishuka, wakakwangua tope, wakasukuma hatua chache, wakakwangua tena. Iliposhindikana kabisa waliziacha njia za magari ya farasi wakafuata reli, wakipanda juu ya mataruma, huku miili yao ikitikiswa kwa kila taruma. Penye mto usio na daraja, watu wawili waliweka mti mabegani, wakatundika baisikeli, wakavuka nayo.

Katika Nebraska adui alikuwa mchanga. Yapo huko matuta ya mchanga ya maili nyingi, ambamo gurudumu huzama. Walisukuma baisikeli kwa miguu katika jua kali, na maji waliyoyakuta yalikuwa na magadi, yakawaumiza matumbo. Luteni Moss mwenyewe aliugua.

Jioni ilikuwa na kazi zake. Hema zilisimamishwa, chakula kikapikwa, na baisikeli zikaangaliwa moja moja. Askari mmoja, John Findley, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha baisikeli mjini Chicago, ndiye aliyekuwa fundi wao. Kazi yake haikuwa ndogo, kwa maana katika safari ya kundi, baisikeli moja ikivunjika watu wote husimama. Mwendo wa kundi si mwendo wa aliye hodari. Ni mwendo wa aliye nyuma.

Tarehe 24 Julai, siku ya 41, waliingia St. Louis, na maelfu ya watu wakaja kuwatazama. Siku za mwendo zilikuwa 34, nazo ukizigawanya zapata maili 56 kwa siku. Hata hivyo jeshi halikuendelea na jambo hili. Askari walirudishwa kwa gari la moshi, na mwaka wa 1898 vilipotokea vita na Hispania, kundi la baisikeli lilikwisha.

Msimamizi wa askari hao njiani alikuwa Sajini Mingo Sanders, mtu wa miaka 39. Mwaka wa 1906 yeye na askari wenziwe wa kikosi kile, jumla yao 167, walifukuzwa jeshini bila heshima na Rais Theodore Roosevelt, kwa shauri la fujo ya Brownsville, bila ya kuhukumiwa mahakamani. Jeshi liliwarudishia heshima yao mwaka wa 1972, naye Sanders amekwisha kufa zamani. Baisikeli haikushika mahali pa farasi. Lakini habari ya watu waliozipanda yastahili kukumbukwa.