Raha ya Motokaa na Kipimo cha Mshahara

Mfanyakazi anayetaka kununua motokaa iliyokwisha kutumika, yenye raha kidogo, si mtu wa kuonewa kijicho. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru wenye magari ya fahari waliitwa "Wabenzi", na jina hilo lilikuwa na uchungu wake. Hali ya leo ni nyingine. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye magari ya Japani yakajaa katika bandari ya Dar es Salaam. Leo motokaa ni chombo cha mwalimu, cha mwuguzi na cha karani, nasi twalifurahia jambo hilo. Lakini twauliza: mfanyakazi atoe kiasi gani?

Wengi hujibu kwa kutazama mkopo. Wakiambiwa kwamba watakopeshwa shilingi milioni 20, hutafuta motokaa ya milioni 20. Hesabu hiyo imeanzia mkiani.

Ni kweli kwamba bei za Japani huvutia. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao hutaka gari la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo ni ghali, kwa hiyo wengi huona heri kuliuza gari lingali zima. Lakini bei ya kule siyo bei ya hapa.

Tuchukue mfano wa motokaa yenye injini ya ukubwa wa 1,500, ambayo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, imekadiriwa na Mamlaka ya Mapato kuwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa 25 kwa mia ni shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa 5 kwa mia, juu ya jumla hiyo, ni 625,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia ni 2,362,500. Kodi hizo tatu peke yake ni shilingi 5,487,500, kabla ya tozo nyingine, gharama za bandari na usajili. Gari likiwa kuukuu huongezewa ushuru wa uchakavu. Tena kodi hufuata thamani iliyokadiriwa na Mamlaka. Aliyebahatika kununua kwa bei ya chini asidhani kwamba kodi nayo itashuka.

Baada ya hayo huja gharama ya kila mwezi. Mfanyakazi akaaye Kibaha na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam huenda na kurudi kama kilomita 80 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,760. Gari liendalo kilomita 16 kwa lita litakunywa lita 110. Liendalo kilomita 10 litakunywa lita 176. Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi, na ikipanda haimngoji mfanyakazi apandishiwe mshahara. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Na raha yenyewe ni nini? Ni kiti kisichoumiza mgongo, springi na shokapu nzima, matairi mazuri, na injini isiyomlaza mtu njiani usiku. Mambo hayo hayahitaji ukubwa wala jina. Gari dogo ambalo vipuri vyake vimejaa Gerezani, Kariakoo, lina raha kuliko gari la fahari linalokaa juu ya mawe miezi mitatu likingoja kipuri kutoka ng'ambo.

Basi ushauri wetu ni huu. Fedha uliyo nayo igawe mafungu manne. Mafungu mawili yanunue motokaa na kuifikisha bandarini. La tatu lilipe kodi na usajili. La nne liwe akiba ya matairi, bima na fundi. Mwenye milioni 20 ni mnunuzi wa motokaa ya milioni 10. Anayenunua gari lililokwisha kulipiwa kodi hapa nchini atumie mafungu matatu, la nne asiliguse.

Utaratibu wa utumishi hautaki makato yamwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Huo ni mpaka wa hatari, siyo shabaha ya kuilenga. Akiisha kufika hapo, theluthi iliyosalia ndiyo itakayonunua petroli. Watoto watakula nini?

Kwa mwanachama aliyepewa dhamana jambo hili ni zito zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini sababu yake haijafa: mtu anayeishi kupita kipato chake hatakosa kutafuta penye upenyo. Deni la motokaa limekwisha kuwafanya watu waadilifu wautazame mhuri wa ofisi kwa jicho jingine. Wananchi huanza kulipa deni hilo kidogo kidogo, dirishani, kila wanapokuja kutaka haki yao.

Ndugu mfanyakazi, nunua motokaa, ustarehe. Lakini iwe motokaa ambayo mshahara wako peke yake unaweza kuilisha.