Kutoka Istanbul hadi jela: Dogo wa Liverpool aliyeponzwa na utambuzi

MEI 25, 2005, ukimwuliza shabiki yeyote wa Liverpool atakusimulia bila kupumua. Istanbul, AC Milan wanakwenda mapumziko na mabao 3-0. Wakarudi, Gerrard, Smicer na Alonso wakasawazisha ndani ya dakika chache, kisha Dudek akamaliza kazi kwenye penalti. Kombe la tano.

Lakini kuna shabiki mmoja ambaye raha ile aliila kwa siku tano tu.

Jina lake Michael Shields, wakati huo akiwa na miaka 18. Baada ya fainali, yeye na wenzake walikuwa mapumzikoni Golden Sands, ufukwe wa Bahari Nyeusi karibu na mji wa Varna, Bulgaria. Alfajiri ya Mei 30 ikazuka vurugu, mhudumu wa baa akapigwa jiwe zito kichwani, fuvu likapasuka. Alinusurika, lakini kwa tabu.

Polisi wakamkamata Shields. Yeye akasema alikuwa hotelini amelala.

MVUA 15

Kesi ilisimama zaidi kwenye macho ya mashahidi. Watetezi wake walilalamikia gwaride la utambuzi, wakisema mashahidi walishamwona dogo huyo kituoni kabla hajapangwa mstarini. Hapo utambuzi una maana gani tena?

Kubwa zaidi, wakati kesi inaendelea, mwanaume mwingine wa Liverpool alitia saini maelezo akiwa Uingereza kwamba ndiye aliyerusha jiwe. Baadaye aliyakana. Mahakama ya Varna haikuyapa uzito. Julai 2005, Shields akapigwa mvua 15 jela kwa kujaribu kuua. Rufaa ikazipunguza hadi 10.

ANFIELD HAIKUNYAMAZA

Kesi nyingi za namna hii huishia hapo. Watu husikitika wiki mbili, ligi inaanza, maisha yanaendelea. Hii haikuishia hapo. Wazazi wake walizunguka kila ofisi, na mashabiki wakabeba jina lake kwenye mabango, msimu baada ya msimu. Hata Liverpool ilipopangwa na CSKA Sofia ya Bulgaria Agosti 2005, kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu.

Mwishoni mwa 2006 alihamishiwa jela ya Uingereza. Karibu na nyumbani, ndiyo, lakini bado nyuma ya nondo.

Serikali ikasema haina mamlaka ya kumsamehe mtu aliyehukumiwa nchi nyingine. Familia ikaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2008 ikaambiwa mamlaka hayo yapo. Julai 2009, Waziri wa Sheria, Jack Straw, akatoa jibu la awali: hapana. Wengine wangekata tamaa. Wao wakapeleka ushahidi zaidi.

Septemba 9, 2009, Straw akabadili msimamo. Msamaha wa kifalme ukatolewa, na waziri akakubali kwamba kijana hana hatia. Alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka minne kwa kosa lisilo lake.

FUNZO KWA MASHABIKI

Kumtetea Shields hakukuwa kumdharau yule mhudumu. Naye alistahili haki, na haki yake haikuwa kumfunga yeyote aliyekuwa karibu. Asiye na kosa akiwa ndani, mwenye kosa yuko nje anakula maisha.

Uwanjani, refa akimpa kadi nyekundu mchezaji asiyehusika, uwanja mzima hupiga kelele, na kadi inaweza kufutwa. Miaka minne ya ujana haina kamati ya kuifuta.

Majogoo wanajivunia kurudi kutoka mabao 3-0. Kurudi kwa Shields kulichukua muda mrefu zaidi, na hakukuwa na Gerrard wa kufunga. Kulikuwa na baba, mama na watu wa jukwaani waliokataa kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho.