Mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii kuhusu kinga ya saratani

Mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii kuhusu kinga ya saratani ni maandalizi wanayopewa watu wa kawaida, aghalabu waliochaguliwa na wakazi wenzao wa kijiji au mtaa, ili waelimishe majirani kuhusu saratani (pia: kansa), wawahimize kupata chanjo na uchunguzi mapema, na kuwapa rufaa wenye dalili. Wahudumu hao si madaktari wala wauguzi. Hawapimi saratani wala hawaitibu; kazi yao ni kufupisha safari kati ya nyumba na zahanati, safari ambayo kwa wagonjwa wengi huanza wakati umeshapita.

Makala hii inahusu hasa Tanzania na Kenya.

Historia

Wazo la kumfundisha raia asiye mtaalamu ili afundishe wenzake si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya": vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki walifika takriban milioni 2. Miaka mitano baadaye, mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) ulitangaza afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikia watu wote, na wahudumu wa jamii wakapata nafasi rasmi katika mipango ya nchi nyingi.

Katika masomo ya wakati huo malaria, kichocho, minyoo na kifua kikuu vilitangulia. Saratani ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa hospitali kubwa, kama ile ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na mwanakijiji hakudhaniwa kuwa na la kufanya juu yake. Dhana hiyo haikuwa sahihi, maana saratani kadhaa zinazoua watu wengi katika kanda hii huzuilika kabla hazijaanza.

Kenya ilianza mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006, na mwaka 2023 ikazindua mpango wa wahamasishaji wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa. Tanzania ilizindua mpango wake jumuishi mwezi Januari 2024.

Saratani ya mlango wa kizazi

Sehemu kubwa ya mafunzo huhusu saratani hii, ambayo duniani iliua wanawake wapatao 350,000 mwaka 2022. Karibu mara zote husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Mtu hapaswi kuvichanganya na virusi vya UKIMWI, ingawa herufi zinafanana. Mkufunzi asiposahihisha kosa hilo siku ya kwanza, litasambaa kijiji kizima. Uhusiano uliopo ni kwamba mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari kubwa zaidi, takriban mara 6, ya kupata saratani hii.

Jambo la pili ambalo mhudumu hana budi kulielewa ni muda. Tangu maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Katika kipindi hicho mwanamke haumwi chochote. Kwa hiyo swali la "nitapimwaje wakati siumwi?" ndilo gumu kuliko yote, na mhudumu hufundishwa kulijibu kwa maneno yake mwenyewe: uchunguzi hutafuta mabadiliko ambayo bado si saratani, na ambayo yakionekana huondolewa, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa kugandisha au kwa joto.

Hueleza pia kinachofanyika kituoni. Muuguzi hupaka asidi asetiki iliyozimuliwa, yaani asidi iliyo ndani ya siki, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Maelezo haya hupunguza woga, lakini yana hatari yake: lazima isisitizwe kwamba siki ya jikoni si dawa na haitumiki nyumbani kwa jambo hili.

Kuhusu chanjo, Rwanda ilitangulia barani Afrika kuieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania bara na visiwani ilifuata 2018, Kenya 2019. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo inaleta utasa umekuwa kikwazo. Mhudumu hufunzwa asimbeze mzazi mwenye hofu hiyo, bali amsikilize kwanza, kwa kuwa anayechekwa haulizi tena.

Namna ya kufundisha

Mihadhara mirefu haifai. Bango kitita lenye picha na maigizo vimeonekana kufaa zaidi: mmoja anajifanya mama mkwe anayekataza, mwingine mume anayeuliza kwa nini mkewe akaguliwe. Kutunza siri hufundishwa kwa uzito uleule, kwani mhudumu huishi na watu anaowahudumia, na neno moja likitoka hakuna atakayemfungulia mlango.

Mazingira ya mahali

Masomo mengine hutegemea eneo. Penye kilimo cha mahindi na karanga hufundishwa kukausha na kuhifadhi mazao vizuri, kwa sababu sumukuvu huchangia saratani ya ini. Penye kichocho cha mkojo, kama Unguja na Pemba, mkojo wenye damu haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo la kawaida, kwa kuwa kichocho cha muda mrefu chaweza kuleta saratani ya kibofu. Mtoto aliyevimba taya hupewa rufaa haraka: limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, hukua kwa kasi lakini hutibika. Tumbaku na uvimbe wa titi huhusu kila mahali.

Changamoto

Kujitolea kuna kikomo. Mhudumu anayetembea kutwa bila posho huacha kazi msimu wa kilimo, na mafunzo aliyopewa huondoka naye. Tatizo jingine ni kuhamasisha wanawake waende kituo ambacho hakina vifaa wala muuguzi aliyefunzwa. Wakirudishwa mara moja, wengi hawarudi tena. Ndiyo maana wakufunzi wazoefu hukagua kwanza kituo, ndipo huanza na kijiji.

Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kipimo hiki humwongezea mhudumu kazi mpya: kueleza namna ya kuchukua sampuli, kuifikisha maabara ikiwa na jina sahihi, na kumtafuta mwenye sampuli majibu yanapotoka.