Sura ya Tano: Watu Hupungua, Vikao Havipungui

Nchini Marekani, mji huhesabiwa watu kwa njia mbili. Kuna wanaoishi ndani ya mipaka ya manispaa, na kuna eneo zima la mji, yaani pamoja na kaunti ambazo wakazi wake huenda mjini asubuhi kufanya kazi na jioni hurudi kulala kwao. Youngstown, katika jimbo la Ohio, ni mfano mzuri. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 60,068 mjini, ilhali kaunti za Mahoning na Trumbull kwa jumla zilikuwa na 430,591.

Mwaka 1930 mji wenyewe ulikuwa na watu 170,002, wengi wao wakitegemea viwanda vya chuma. Septemba 19, 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell. Watu wapatao 5,000 wakakosa kazi, na viwanda vingine vikafuata. Wenyeji huiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi.

Kwa mwenye gazeti, kaya ikihama hasara huwa mbili: nakala haina mnunuzi, na duka lililokuwa likitangaza halina mteja. Kisha matangazo madogomadogo ya kazi, nyumba na magari yakahamia kwenye intaneti. Kazi ya kutafuta habari, hata hivyo, haikupungua. Mwandishi anayekesha kwenye kikao cha bodi ya shule hulipwa mshahara uleule, wasomaji wake wawe wengi au wachache. Mahakama nazo zinaendelea kusikiliza kesi, na baraza la mji bado linapitisha bajeti.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoliangusha The Vindicator, gazeti lililoanzishwa mwaka 1869. Juni 2019, siku chache baada ya kutimiza miaka 150, wamiliki walitangaza kulifunga. Walisema lilikuwa limepata hasara miaka 20 kati ya 22 iliyotangulia. Wafanyakazi 144 na wasambazaji wapatao 250 walihusika. Toleo la mwisho lilitoka Agosti 31.

Familia iliyokuwa ikimiliki gazeti hilo ilibaki na kituo chake cha runinga, WFMJ. Runinga ina mifereji mingine ya fedha: kampuni za kebo na setilaiti hulipia haki ya kurusha vipindi vyake, na msimu wa uchaguzi wagombea hununua matangazo kwa wingi.

Tribune Chronicle, gazeti la mji jirani wa Warren, lilinunua jina la The Vindicator na orodha ya wateja wake, likaanza kutoa toleo la Youngstown. Kwa hiyo jina bado liko sokoni. Lakini anayetaka kujua hali ya habari katika mji kama huu asihesabu majina ya magazeti. Ahesabu waandishi wanaoingia kwenye vikao.