Zuhura na miguu isiyolala

Paukwa! Nimewasikia mkiitikia. Leo sungura na fisi wapumzike. Ninayo hadithi ya binti mmoja wa Pangani, wa darasa la sita, tumwite Zuhura, ambaye kila mtu alikuwa na neno juu yake. Mwalimu alisema ana mapepe. Shangazi alisema ana kiherehere. Ustadhi wa chuoni alimkalisha mbele ili amwone vizuri, na kila alipoinua macho kutoka kwenye msahafu aliuona mguu wa Zuhura ukipigapiga mkeka.

Mchana ulikuwa afadhali. Balaa lilikuwa usiku. Akishajilaza tu, ndani ya miguu, chini ya magoti, kunaanza kitu kinachotambaa. Si maumivu hasa, si mwasho hasa, na ukikuna hukipati, kwa sababu hakipo kwenye ngozi. Akinyoosha miguu, kinapungua. Akiamka akazunguka chumbani, kinakwisha. Akirudi kitandani, nacho kinarudi. Dada yake aliyekuwa akilala naye alichoka mateke akahamia sakafuni. Asubuhi Zuhura anakwenda shule hajalala, na mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie kama mtu mzima. Mara nyingi huzidi kuchachawa. Kwa hiyo mwalimu akaona utundu juu ya utundu, na fimbo ikafanya kazi isiyokuwa yake.

Tumwache hapo kidogo, twende London ya karne ya 17. Kulikuwa na daktari, Thomas Willis, aliyeujua ubongo kuliko wengi wa zama zake. Mwaka 1672 alitoa kitabu kwa Kilatini, na humo akawaeleza wagonjwa ambao wakiingia kitandani tu, mikono na miguu inaanza kurukaruka, na usingizi unakuwa mateso. Aliwapa dawa iliyotokana na afyuni, na ilisaidia. Sababu hakuijua. Siku zile madaktari wa Ulaya walipenda kuwatoa wagonjwa damu kama tiba ya karibu kila kitu. Liwekeni hilo kichwani, tutalihitaji.

Ikapita miaka zaidi ya 270. Mwaka 1945 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliandika kitabu kizima juu ya hali hiyo, akaipa jina la miguu isiyotulia. Alikuwa amewasikiliza wagonjwa ambao wengine waliwaona wenye wasiwasi tu. Miaka ya 1950 Msweden mwenzake, Nordlander, aliwapa wagonjwa wa aina hiyo madini ya chuma kwa sindano ya mshipa, na wengi wakapata nafuu. Fundo likaanza kufunguka.

Mnajua chuma kiko kwenye damu na husaidia kubeba oksijeni. Lakini ubongo nao unakitaka, maana bila chuma hauwezi kutengeneza vizuri dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe na kusimamia mwendo wa viungo. Chuma kikipungua ubongoni, ujumbe huo unavurugika. Na kwa kuwa nguvu ya dopamini hushuka kwa kawaida jioni, taabu huja saa za kulala. Sasa warudieni wale madaktari wa zamani: kumtoa mtu damu ni kumtoa chuma. Kama kuna mwenye miguu isiyotulia aliyetibiwa hivyo, masikini, walimwongezea.

Kwetu wengi hatutolewi damu kwa wembe, lakini minyoo ya safura huinyonya taratibu, na humwingia mtu akitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Wasichana waliovunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Halafu kuna mazoea ambayo sisi wakubwa ndio tumewafundisha: chai ya rangi pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia chuma cha kwenye maharage na mchicha kisifyonzwe tumboni. Chai inywewe saa moja au mbili baadaye, na kwenye sahani kamulieni limau au mle chungwa, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume chake. Dagaa, nyama na maini vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi.

Aliyemwokoa Zuhura ni bibi yake. Usiku mmoja alimkuta uani akizunguka, akamuuliza, na mtoto akaeleza. Bibi akasema: "Hata mimi, mjukuu wangu. Nilipokuwa na mimba ya mama yako nilikesha hivi hivi." Hali hii huenda kwa ukoo, na ujauzito huiamsha. Kesho yake wakaenda zahanati.

Muuguzi aliwaamkia, kisha akauliza mambo manne. Je, unajisikia lazima uichezeshe miguu? Hali hiyo inakuja ukiwa umetulia? Ukitembea inapungua? Jioni na usiku inazidi? Yote manne yakawa ndiyo. Hapo muuguzi akajua kwamba hii si ganzi, wala si ile misuli kukaza ghafla usiku. Akawapa barua ya kwenda hospitali kupimwa damu, hasa kipimo cha feritini kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na kupimwa choo. Akiba ilikuwa chini, na minyoo ya safura walikuwamo.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, na haikuwa muujiza wa usiku mmoja. Akiba ya chuma hujaa kwa miezi. Nanyi msikimbilie dukani kununua vidonge hivyo. Kwa mtoto mdogo vikizidi ni sumu. Isitoshe, kisiwani Pemba, kwenye malaria nyingi, watafiti waliwapa watoto wadogo chuma bila kujali nani amepungukiwa na nani hajapungukiwa. Ikabidi wasimamishe, kwa kuwa waliopewa walilazwa au kufariki zaidi ya wasiopewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Waliokuwa wamepungukiwa kweli, wakaangaliwa malaria yao, walinufaika. Kipimo kwanza.

Wakati anasubiri, Zuhura alifanya nini? Aliacha chai na soda ya kola jioni, maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Alinyoosha misuli ya nyuma ya mguu kabla ya kulala, bibi akamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Usiku ukiwa mbaya walicheza bao. Msicheke: akili ikishughulika sana, ule mtambao hupungua. Shuleni mwalimu alikubali asimame nyuma ya darasa akichoka kukaa, na awe yeye wa kufuta ubao. Fimbo ilikoma.

Lakini si kila asiyetulia ana miguu ya Zuhura. Wengine wamechoshwa na somo tu. Mwaka 1885 Mwingereza Francis Galton aliandika katika jarida la Nature jinsi alivyowahesabu watu waliojitikisa kwenye mkutano mmoja uliochosha. Hakutoa saa mfukoni wasije wakamshtukia, alihesabu pumzi zake. Hotuba ikinoga watu hutulia, ikichosha hujitikisa. Walimu wangu wapenzi, mnanisikia? Wengine wana hofu, labda nyumbani kuna ugomvi, na mwili umekaa tayari kukimbia. Wengine wamezaliwa na ubongo ambao umakini na utulivu huwa kazi ngumu kwake kila siku na kila mahali, nao wanahitaji msaada wa wataalamu. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi nayo humtetemesha mtu, humpunguza uzito na kumwendesha moyo mbio.

Kuna mawili ya kuwahi hospitali. Mtoto ambaye wiki au miezi michache nyuma aliumwa koo, kisha ghafla mikono inachezacheza yenyewe, vikombe vinamponyoka, mwandiko umeharibika na uso unakunjamana, huyo si mtukutu. Huenda ni homa ya baridi yabisi, na moyo wake unaweza kuwa umeguswa. La pili, mtu aliyeanza dawa ya kuzuia kutapika au ya ugonjwa wa akili, akawa hawezi kukaa chini hata dakika chache, anapiga hatua pale pale. Daktari Haškovec wa Prague aliieleza hali hiyo ya kushindwa kukaa mwaka 1901, kabla hata dawa hizo hazijakuwepo. Siku hizi dawa ndizo huileta mara nyingi. Asiache dawa kimya kimya. Arudi kwa aliyemwandikia.

Na wewe unayenisikiliza huku goti linacheza, usione haya. Ukimwendea mama, baba au mwalimu, usiseme tu "sijisikii vizuri". Mwambie inaanza saa ngapi, iko wapi mwilini, nini huituliza, unalala saa ngapi, na umemeza dawa gani. Kwa maneno hayo muuguzi atajua pa kuanzia.